Mbwa wa Fundi Saa

Jumanne, tarehe tisa Juni. Asubuhi kulikuwa na manyunyu, yale yasiyolowesha nguo ila huzitia ubaridi tu, na Malkia, mbwa jike wa kituo, alianza kuchakura blanketi lake kabla watu hawajamaliza chai. Mkunga alinawa mikono hadi kwenye viwiko, akatandika magazeti ndani ya boksi la kuzalia, akasali kwa sauti ya chini. Kisha akasogeza benchi ukutani kwa ajili ya wageni.

Kituo hicho kilizalisha mbwa wa kuwaongoza wasioona. Kila kitoto kilipozaliwa, mtu wake, yule ambaye kingekuja kumwongoza, alihisi kuitwa popote alipokuwa, akaja, akabisha hodi. Ndivyo ilivyokuwa miaka yote, na ndiyo maana benchi lilichongwa refu.

Kitoto cha kwanza kilitoka salama. Mkunga alikisugua kwa taulo mpaka kikalia, na mwalimu wa muziki akaingia akiwa na povu la sabuni masikioni. Cha pili kilimleta mama mwenye duka la vitambaa, kiatu mguu mmoja.

"Mwenzenu nilikuwa naoga," mwalimu alisema.

"Shukuru umekuja na suruali," mama wa vitambaa alimjibu. "Nasikia kuna mmoja alikuja na ndoo."

Cha tatu kilichelewa. Malkia alihema, Mkunga akampapasa tumbo na kumwita kwa jina. Kilipotoka, mlango ulibishwa taratibu.

"Hodi hapa."

"Karibu, baba," alisema Mkunga bila kugeuka. "Nawa mikono kwanza."

Mgeni huyo alikuwa baba yake Mkunga, fundi saa mpaka alipopoteza macho, na alikuwa amefariki mwaka uliopita. Alivaa suti aliyozikwa nayo. Alijikung'uta udongo nje, akanawa, akapapasa benchi, akakaa.

"Mkono wako wa baridi, mzee," alisema mama wa vitambaa akimpisha.

"Ungelala ninapolala mimi, wako ungekuwa wa moto?"

Wote watatu walicheka.

Kitoto kiliacha kunyonya, macho bado yamefumba, kikajiburuta hadi kwenye ukingo wa boksi upande wa mzee. Mkunga alikiweka mapajani pa mzee. Mzee alikiinua hadi sikioni, akasikiliza kama alivyosikiliza saa za watu.

"Huyu hachelewi hata kidogo," alisema.

Meneja wa kituo akaingia na mwavuli wake.

"Shikamoo mzee. Pole na safari."

"Marahaba."

"Ila huyo ana mwenyewe. Ni wa shemeji wa mfadhili wetu. Haoni vizuri usiku."

"Usiku nani anaona?" mzee aliuliza.

Uzao uliopita ilikuwa vivyo hivyo. Mzee alikuwa hai, alikaa kwenye benchi hilohilo, kitoto kikamwendea, na Meneja akakitoa kwa mtu mwingine wa mfadhili. Mkunga alikuwapo. Hakusema neno, kwa kuwa aliogopa wenzake wangesema anajipikia na kujipakulia. Baba yake alirudi nyumbani na fimbo yake, na haikupita muda akatumbukia kwenye mtaro ulioachwa wazi barabarani. Tangu msiba huo Mkunga alimwomba Mungu jambo moja tu, asubuhi na jioni: apewe tena nafasi ya kusema.

Sasa alikuwa amepewa. Meneja alimtazama. Mwalimu na mama wa vitambaa walimtegea masikio. Mkunga alifungua kinywa. Akafikiria maneno ya wenzake kesho yake jikoni: sasa anawagawia hadi marehemu. Akachukua taulo, akaanza kufuta mahali palipokuwa pakavu.

Mzee alimpa muda wa kutosha. Kisha akakinyanyua kitoto kwa mikono miwili, akamkabidhi Meneja mwenyewe.

"Usimbane kifua, mwanangu. Bado mifupa yake ni laini."

Meneja alishukuru, akatoka. Shemeji wa mfadhili alikuwa garini, anasoma gazeti.

Chumba kilibaki na sauti ya vitoto viwili vinavyonyonya. Malkia aliinua kichwa, akanusa mlango, akakilaza tena.

"Haya, binti yangu," mzee alisema. "Nipe basi neno la kurudi nalo. Kule wataniuliza."

Mkunga alipiga magoti mbele ya benchi. Mwalimu na mama wa vitambaa waliinama karibu, kama watu walioitwa kushuhudia.

"Safari ijayo nitasema, baba," aliahidi, kwa sauti ambayo hata wenzake waliokuwa ukumbini waliisikia. "Mungu ananisikia, na hawa wananisikia. Safari ijayo nitasema."