Mwali wa Ghorofani

"Kama si mwali, mtoe nje tumwone," alisema Rosa kutoka upande wake wa mfereji, mikono kiunoni. "Mtu mzima anafungiwa madirisha, chakula anapandishiwa, jua halimgusi, halafu unaniambia si mwali. Ni nini basi? Gunia?"

"Dada Rosa, nakuomba, punguza sauti," alisema Regina. "Huyo ni mke wa mtu."

Rosa akasema mke wa mtu si hoja. Wazungu mambo yao huyaanzia mkiani: huenda wanaolewa kwanza ndipo wanafundwa. Akamtaka Regina amtazame mtu wake vizuri. Rangi ile ya kupauka msichana wa Kiluguru huipata baada ya kukaa ndani miezi na miezi, ila huyu kateremka nayo kwenye gari moshi. Ushahidi gani tena? Walianza kumficha tangu huko kwao.

Kubishana na Rosa kulikuwa sawa na kushindwa, maana mwanamke yule alikuwa somo wa mteremko mzima. Hakuna msichana aliyefundwa pale juu bila mkono wake, hata wale ambao mama zao waliwaapia mapadri kwamba ngoma wameiacha. Lililomuuma lilikuwa wazi: mwali anawekwa ndani hatua chache tu kutoka mlangoni kwake, na yeye hakuambiwa.

Nyumba yenyewe ilikuwa kongwe kuliko wote waliokuwa wakigombana mbele yake. Ilijengwa na tajiri mmoja wa misafara kutoka pwani, kuta nene za mawe, mlango wa nakshi, ngazi ya nje ya kupandia juu. Tajiri akafa, popo wakarithi, baadaye askari wa Kijerumani wakalala humo, mwishowe ikaangukia mikononi mwa Dilip, mwenye duka mjini Morogoro. Reli ilipofika, Dilip akaona mbali. Akapaka chokaa, akatia kitanda na pazia, vyumba vya juu akaanza kuwapangisha Wajerumani wa Dar es Salaam wanaotaka kupumzishwa na baridi ya mlimani. Chini, jikoni na chumba cha uani, akamweka Regina, mjane anayejua kupika na anayejua zaidi kukaa na watu.

Jikoni kwa Regina palikuwa kituo. Wanawake wanaoteremsha ndizi na maharage sokoni hawakupita bila kutua mizigo pale. Mtu anakunywa maji, anaacha habari, anabeba nyingine. Ukitaka kujua nani kaachwa huko Mlali au nani kanenepa ghafla Dakawa, ulikuwa huendi boma, ulikwenda jikoni kwa Regina.

Kisha akaja bibi huyu. Mumewe, ofisa wa forodha, alimfikisha mwenyewe, akatoa amri, akarudi na gari moshi. Bibi anaumwa mishipa. Asipigwe na jua, asisikie kelele, asipokee mgeni yeyote, ale vizuri anenepe. Regina aliitazama ile mikono alipopeleka maji, hakuona mshipa uliovimba. Alimkuta mtu amekaa kitandani anautazama ukuta, kuku wa jana hakuguswa. Siku nyingine bibi alikuwa analia, siku nyingine anazungumza peke yake. Ugonjwa gani usio na homa wala kikohozi?

Dilip hakutaka maswali. Alichosema ni kwamba kuna Mjerumani wa machimbo ya ulanga, madini yale ya kumeremeta, anaitaka nyumba nzima iwe ghala lake. Bibi akiondoka na malalamiko, biashara ya wapumzikaji imekwisha, nyumba inakwenda kwa mtu wa ulanga, na ghala halihitaji mpishi. Regina alielewa. Akawafukuza rafiki zake wote, mmoja mmoja, kwa maneno matamu, na kituo kikafa. Usiku alilala na hofu ya kupoteza chumba, asubuhi aliamka na kiu ya maneno. Na sasa Rosa naye anamtia wasiwasi mpya, kwa sababu kila sharti aliloacha yule ofisa lilikuwa kweli sharti la mwali. Regina mwenyewe alikuwa hajui tena anapika kwa mgonjwa au kwa mwali wa watu.

Ugomvi wa karibu na njia hauna mwenyewe. Akina Theresia waliokuwa wakiteremka sokoni wakatua vikapu. Mmoja akasema mzungu hafundwi, mwingine akauliza kama hafundwi mbona amefichwa. Theresia, aliyewahi kufua nguo misheni, akasema masista nao hukaa ndani na hawatolewi maisha, kwa hiyo huenda huyu ni sista aliyekosea njia. Wakamcheka. Hata Severini, mzee wa watu aliyekuwa amebeba matenga ya kabichi, akasimama atoe lake, akaambiwa mambo ya wanawake hayamhusu.

Regina alikuwa anawasihi kwa mikono yote miwili wakati mlango wa juu ulipofunguka.

Bibi akashuka ngazi pekupeku, gauni jeupe la kulalia, nywele mabegani, macho ameyafinya kwa mwanga. Regina akayaona moyoni magunia ya ulanga yakiingizwa jikoni kwake.

Rosa aliona kitu kingine. Aliona mwali ametoka mchana kweupe, kichwa wazi, bila ngoma, na mwanamume yuko njiani. Akauruka mfereji, akavua kaniki yake ya begani, akamfunika bibi gubigubi kichwa na uso.

Kumgusa mzungu hivi, kiboko kilikuwa karibu kuliko msamaha.

"Severini, geuka," alisema Rosa.

Severini akageuka, akakabili mlima na kabichi zake.

Rosa akamshika mkono aliyefunikwa akamwongoza taratibu hadi jikoni, akamketisha mkekani, na wanawake wakafuata kwa sababu hakuna aliyejua la kufanya isipokuwa kumfuata anayejua. Ndipo bibi alipoifunua kaniki kidogo, jicho likatokea.

"Nini?" aliuliza. Kiswahili chake kilikuwa cha kuagiza maji na kufukuza kuku.

Regina, jasho likimtiririka, akamwambia wanasema yeye ni mwali. Akaulizwa mwali ni nini, akaeleza kwa maneno machache na vidole vingi: msichana anawekwa ndani, haoni jua wala wanaume, analishwa, wanawake wanamfundisha dunia, halafu siku moja anatolewa kwa ngoma, watu wote wanakuja kumtazama anavyong'aa.

Bibi alisikiliza yote. "Nani anafundisha?"

Rosa akajigonga kifuani.

"Mimi ndani, ndiyo," alisema bibi polepole. "Jua, hapana. Watu, hapana. Kufundisha, hakuna mtu."

Wanawake wakatazamana. Rosa alikuwa ameshinda ugomvi, lakini ushindi wenyewe ulimchanganya: watu gani hawa wanaomfungia mtoto wa mwenzao ndani na hawampelekei hata somo? Akakaa chini, akavuta ungo wa kunde. Bibi akautazama, akanyoosha mkono, akaanza kubambua naye. Alibambua vibaya, nusu zikaruka mekoni. Theresia akacheka, bibi naye akacheka, na Regina akaduwaa kwa kuwa hakujua kwamba kicheko anacho.

Walikuwa wamekwishaanza kula ndizi za moto Dilip alipopanda na punda wake kuleta mkate na viazi ulaya. Alimkuta Severini njiani ameipa nyumba mgongo. Akamuuliza kulikoni. Severini akasema ameambiwa asiangalie, na hajaambiwa mwisho ni lini.

Dilip akaingia uani mbio. Bibi akatokea mlangoni kwa jikoni, kaniki kichwani, akamwambia maneno marefu ya Kijerumani. Kijerumani cha Dilip kilikuwa cha dukani, kiliishia kwenye sabuni na misumari. Regina alisimama nyuma amejishika kifua, anangoja hukumu.

"Anasema nyumba ni nzuri," alisema Dilip, akijikuna shingo. "Anasema nimwambie bwana wake haondoki hapa mpaka atolewe. Regina, atolewe na nani? Si huyu yuko nje?"

"Na mtu wa ulanga?" aliuliza Regina.

"Atafute ghala jingine, mpangaji si amekataa kuondoka? Lakini niambie, atolewe wapi?"

Machozi yalimtangulia Regina. Ni Rosa aliyejibu kutoka ndani. Alisema binti hawezi kutolewa bila baba, na kwa kuwa baba mzazi yuko Ulaya na mume yuko forodhani, baba ni mwenye nyumba.

Dilip akatazama nyuma yake, labda kuna mwenye nyumba mwingine. Akauliza tangu lini amepata binti, na kwa nini hakuambiwa.

"Hata mimi sikuambiwa," alisema Rosa, akisogea kumpisha mkekani. "Vua viatu, baba mwali, karibu ndani ule. Kunde hazina nyama, na nyama ya ngoma huleta baba."