Sisimizi wa Mfaume

Uani kwetu Tabora tulikuwa wapangaji wa vyumba sita na choo kimoja, kwa hiyo hakuna siri iliyomaliza siku mbili.

Mfaume alikuwa mwonjaji wa asali kwenye ghala la ushirika. Asali ikifika kwa baiskeli kutoka Sikonge, yeye ndiye aliyechovya kidole na kusema hii safi, hii imetiwa maji. Jioni alirudi na madebe matupu, akayasuuza karibu na choo chetu, sisimizi wakajaa. Tukazoea. Tukamtania kwamba hata jasho lake lina utamu.

Mwaka wa sabini na nne akaanza kukonda. Ugali sahani mbili, na bado suruali anaifunga kwa kamba. Mtungi wa maji uliisha kabla ya adhuhuri. Usiku mlango wake ulilia mara tano, mara sita. Kidole cha mguu alichojikwaa siku ya Idi kilikuwa bado kibichi.

Mdomo wangu ndio uliosema ana mke mdogo Sikonge anayemmaliza. Zamda muuza vitumbua akaongeza kwamba huyo mke ana dawa. Yote yakamfikia Mwanahawa, mkewe. Akazidi kumkorogea mumewe asali kwenye maji moto, vikombe vitatu kwa siku, apate nguvu.

Machi mvua ikaikata barabara ya Sikonge. Wiki tatu ghala tupu, madebe yamekauka. Asubuhi moja Mwanahawa akanishika mkono, akanipeleka chooni.

"Dada, hebu watazame hawa. Asali ya kusuuza hakuna. Wanakula nini?"

Sisimizi walikuwa wamejaa palepale Mfaume alipotoka kukojoa. Nikainama, nikawatazama.

Mfaume hospitali hataki. Alisema babu zake walikwenda na misafara hadi pwani, kibuyu cha asali kiunoni, na hawakuugua. Mwanahawa hakubishana. Alimpa gazeti, akamwomba amsomee. Mfaume akalisogeza mbali, akalivuta karibu, kisha akalilaza mapajani.

"Herufi zina ukungu," alisema.

"Tangu lini, Baba Swaumu?"

"Tangu Idi. Sikutaka uogope."

"Mimi naogopa tangu hiyo Idi. Twende basi tukaogope pamoja."

Hospitali daktari alichemsha mkojo wa Mfaume na dawa ya buluu, ukageuka rangi ya tofali. Kisukari. Akawaeleza kwamba kiu, kukojoa, kukonda, macho na kile kidonda vilikuwa vikisema muda wote. Wamewahi, mguu utapona. Vidonge hivi hapa, na asali basi.

Hapo ndipo Mfaume alipoinamisha kichwa. Riziki yake ilikuwa kwenye ulimi.

Mimi nilizunguka vyumba vyote sita kumfuta yule mke wa Sikonge. Kumtangaza kulinichukua asubuhi moja. Kumfuta, wiki nzima, na Zamda mpaka leo anakunja midomo.

Barabara ilipofunguka, katibu wa ushirika aliwakubalia wafanye kazi hiyo wawili, mke na mume. Mwanahawa alichovya kidole, akaramba, akafumba macho. Mfaume akamsogelea.

"Inakwaruza kooni?"

"Kidogo. Halafu inabaki."

"Inabaki muda gani?"

Mumewe akasubiri, akimtazama mdomoni, mpaka alipomeza.

"Mpaka sasa."

"Basi hiyo safi," alisema Mfaume, akaliandika debe kwa chaki.