Majibu ya Rufaa Yangu Niliyapiga Chapa Mwenyewe

Mwaka 1994, serikali ilipokuwa ikipunguza watumishi, orodha ya ofisi yetu ilibandikwa ubaoni pale Njombe. Majina yalikuwa manne, na la pili lilikuwa langu: Fidelia Mtewele, mpiga chapa. Wote wanne tulikuwa wanawake wenye waume. Waraka wa serikali ulisema aliyeajiriwa mwisho ndiye atoke kwanza. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita kazini. Agustino, mpiga chapa mwenzangu, alikuwa na miwili, na bado alikuwa akizitafuta herufi kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa. Yeye alibaki.

Sikulia. Ningelia wangesema unaona, wanawake hawa. Niliandika malalamiko, nikajibiwa baada ya wiki moja kwamba hayana msingi. Aliyesaini jibu ni mkuu wetu wa idara, Bwana Anselmi, yule yule niliyemlalamikia! Ikabaki rufaa kwenye kamati ya mkoa, ambayo ingekaa Makambako mwisho wa mwezi. Hadi siku hiyo nilikuwa bado kazini.

Mume wangu, Efraimu, alikuwa huko huko Makambako akiuza mbao tangu biashara iliporuhusiwa. Alikuja Jumamosi akanikuta naandika.

"Mama Sila, achana nao," alisema. "Njoo tuuze mbao, watu wa malori wanagombania."

"Mbao ni zako, Baba Sila. Hii kazi niliipata kwa cheti changu kabla sijakujua. Siiachi kwa sababu ya kuolewa na wewe."

Aliniwekea kuni jikoni ili nisiinuke. Ndivyo alivyo Efraimu, akikosa la kusema hutafuta la kufanya.

Sasa, utaratibu wa serikali ni kwamba barua ya mtumishi haiendi juu mpaka ipitie kwa mkuu wake, naye aambatanishe maoni yake. Kwa hiyo rufaa yangu dhidi ya Bwana Anselmi ilipita mezani kwa Bwana Anselmi. Na maoni yake yalihitaji kupigwa chapa.

Hapa lazima niseme jambo ambalo ofisi nzima haikulijua. Bwana Anselmi alikuwa akiandika kama anavyogomba. Rasimu zake nilizinyoosha mimi. Siku moja alimwandikia mwenyekiti wa kijiji kwamba kichwa chake kimejaa maji, nami nikapiga: "Tunakuomba ulitafakari upya suala hili." Alikuwa akisaini bila kusoma, na mkoani walimsifu kwa barua zake za adabu. Miaka yote hiyo hakuwahi kunishukuru. Nadhani alishaamini kwamba adabu ile ni yake.

Jumatatu alinitupia karatasi mbili za mkono.

"Nakala tatu, Mama Sila. Nikimpa Agustino atamaliza Krismasi."

Akacheka. Alikuwa akinipa nichimbe kaburi langu, na alicheka kama siku zote. Nilirudi kwenye mashine yangu, nikasoma.

"Mrufani ni mwanamke mwenye mume, na mume huyo anauza mbao Makambako. Mshahara wake ni wa kununulia vitenge tu. Agustino ni mgeni kazini na kazi bado haijui, lakini ni mwanaume, ana nyumba ya kulisha. Mwanamke akirudi nyumbani haharibikiwi kitu."

Vitenge! Mshahara ule ulimsomesha Sila. Damu ilinichemka hadi masikioni. Lakini mazoea ni kitu cha ajabu: nilipoweka karatasi na kaboni, vidole vyangu vyenyewe vilianza kupiga, "Kwa kuzingatia hali ya familia za watumishi…" Nilikuwa namsafishia maneno yale yale ya kunifukuza. Nikachomoa karatasi zote, nikazikunjakunja.

Yasmini wa masijala, mtu wa Tanga, aliona uso wangu akaja. Alisoma akashika mdomo.

"Shoga, usipige. Sema mashine imeharibika."

"Napiga."

"Basi tia chumvi kidogo, wamwone alivyo."

"Sitii chumvi, wala sukari sitii. Leo atakwenda na maneno yake."

Nikapiga neno kwa neno, hadi nukta ya mwisho. Rasimu yake ya mkono nikaiweka kwenye faili, kama inavyotakiwa. Nilimpelekea nakala tatu.

"Mzee, soma kwanza kabla hujasaini."

"Tangu lini nikasoma kazi yako?" Akasaini, akagonga muhuri mara tatu.

Nilimwambia usoni asome. Hilo linanipa usingizi mpaka leo.

Kamati ilikaa kwenye ukumbi wa nyumba moja ya wageni karibu na stesheni, Makambako. Walikuwa watu watatu, mwenyekiti wao mzee aitwaye Severini. Efraimu alibaki nje kwenye baridi, na vumbi la mbao likiwa bado kwenye sweta yake. Mwenyekiti alisoma maoni ya Bwana Anselmi kwa sauti. Alipofika kwenye vitenge alivua miwani.

"Bwana Anselmi, haya ni maneno yako?"

Bwana Anselmi aliipokea karatasi. Nadhani ndiyo barua yake ya kwanza kuisoma kwa miaka mingi.

"Ni yangu, Mwenyekiti, lakini sikukusudia yafike hivi. Kwa kawaida Mama Sila huyanyoosha."

"Huyanyoosha?"

"Barua zangu. Huziweka sawa."

"Zile zote tunazozipata mkoani?"

Bwana Anselmi aliirudisha karatasi mezani kwa Mwenyekiti.

"Na Agustino naye anaweza kuzinyoosha?"

"Agustino… bado anajifunza."

Mjumbe mmoja alicheka. Mimi sikucheka, nilisimama.

"Mwenyekiti, sikuja hapa kusifiwa barua. Waraka unasema aliyeingia mwisho atoke kwanza. Haukusema mwenye mume atoke kwanza. Hata ningekuwa mpiga chapa mbaya, zamu haikuwa yangu."

Mwenyekiti aliandika kitu, akapiga mstari chini yake.

Uamuzi ulikuja baada ya wiki tatu: ni haki yangu kurudishwa kazini, na majina ya wenzangu watatu yapitiwe upya. Bwana Anselmi alitakiwa anipe barua. Asubuhi niliyorudi kwenye mashine yangu aliniletea rasimu mwenyewe, akaiweka mezani taratibu. Iliandikwa: "Kwa huruma ya ofisi hii, umerudishwa kazini."

Nilimrudishia.

"Mzee, umeandika huruma. Kamati imeandika haki."

"Aa, Mama Sila, si unyooshe tu?"

"Hapana. Futa mwenyewe."

Agustino aliacha kudonoa. Yasmini alisimama mlangoni na mafaili kifuani. Bwana Anselmi alinitazama, akatoa kalamu mfukoni, akainama kwenye meza yangu na kufuta lile neno. Juu yake akaandika lingine.

Nikaweka karatasi na kaboni, nikapiga kama ilivyoandikwa. Nilipompelekea asaini, alivaa miwani akaisoma yote.