Posa Mbele ya Ndoo za Nyanya

...na hiki nacho kimetoka lini, jana hakikuwapo, Twaiba ana hakika hakikuwapo kwa sababu jana alizipitia ndoo zote moja moja kama kawaida yake, na leo kimeshanenepa kama kidole cha mtoto, kichipukizi kimejibana kwapani pale tawi linapoachana na shina, kinajifanya shina nacho, kije kinywe maji ya ndoo nzima na kisizae cha maana, akakibana kwa kucha ya kidole gumba kikakatika, harufu kali ya jani la nyanya ikampanda puani, na nyuma yake barazani sauti ya kaka yake Swabir ilikuwa bado inakwenda, "...mtu wa swala tano, mtu wa watu, mkewe kamuuguza mpaka siku ya mwisho, hakumtupia mtu," na wifi yake Fauzia akaitikia, "Kweli kabisa, hilo hata mimi nimelisikia," na kijiko kikagonga kikombe, wameshajikaribisha chai, vizuri, mahamri yamo chini ya kawa na mbaazi zimo sufuriani, mtu hafungi safari asubuhi yote hii kutoka Ukunda hadi Msambweni na kanzu ya Ijumaa siku isiyo ya Ijumaa kwa ajili ya kuuliza hali, alijua tangu alipoiona ile kanzu ikiinama mlangoni, na Swabir hakuzunguka sana, alisema Mwinga wa Ramisi anakutaka, anataka kukuoa, na mimi ndiye nimeshika nafasi ya baba, nipe jibu nimpelekee, na Twaiba akasema "ngoja nimalize hizi," akainama kwenye ndoo ya kwanza, na sasa yuko kwenye ya tatu...

"Na shamba analo," alisema Swabir, "udongo mweusi wa Ramisi, si mchanga huu wa kuchujia maji, utapanda nyanya zako chini, ardhini, kama watu, uache kulima ndoo, mtu mzima, mama wa watu, analima ndoo!" na Fauzia akacheka kile kicheko chake cha mawifi, "Muacheni wifi yangu na wanawe wa ndooni, au tumwambie Mwinga mahari alete madebe na beseni?" na Twaiba mwenyewe akatabasamu, lakini kwa upande wa ukuta ambako hawamwoni, kwa sababu ni kweli, ni wanawe kwa namna fulani, hii ndoo ya rangi aliitoboa chini mwenyewe kwa msumari uliotiwa moto, ile beseni iliyopasuka aliiziba upande mmoja tu ili upande wa pili utoe maji, na kila moja anajua imekula nini, mchanga kiasi, samadi ya mbuzi iliyolala mpaka ikapoa, maganda ya mayai aliyoyaponda kwenye kinu, makumbi ya nazi yaliyochambuliwa yakaloweshwa kwa maji ya mvua na kukamuliwa, yakaloweshwa tena, na ardhini hakuna anayejua, ardhini nyanya hujitafutia, hukutana na mnyauko wa mwaka juzi na mizizi ya watu wengine, bali ndooni haina pa kwenda, itakachopata ni kile ilichopewa, na alichoipa Twaiba anakijua, ndiyo maana hazijawahi kumwangusha, wauzaji wa sokoni wenyewe humwuliza mbegu, na Swabir huyu huyu anayezicheka hurudi Ukunda na mfuko umejaa.

Tatizo si ndoo, ndoo hubebwa, tatizo ni baraza hii, kwa sababu Swabir amekaa palepale alipokaa mjomba siku ile ya posa ya kwanza, kwenye pembe ya kulia, mgongo kwenye nguzo, na nyumba ni hii hii ya mama yao Bi Mbodze ambayo Twaiba aliirudia alipofiwa na mume, akamlea mama ndani yake, akamzika, ikabaki yake, na ukoo mzima humjia hapa kumwuliza mambo, nani alizaliwa mwaka wa mafuriko, nani amezikwa upande gani wa nani, yule bibi wa Taru alikuja kwetu kwa ndoa gani, naye huwajibu taratibu na hakosei, lakini kuna jambo moja wanalolisimulia wao wenyewe bila kumwuliza, harusi zote hulisimulia, kwamba Twaiba alipoposwa na marehemu Chome alinyamaza kwa haya, aliinamisha kichwa na kunyamaza kama mwari anavyotakiwa, na mwari akinyamaza ndiyo amekubali... na haikuwa haya. Alikuwa ametoka shule juzi tu, amemaliza kidato cha nne, ana mchanga wa uani miguuni, mjomba akasema "mwanangu, Chome wa Gazi anakutaka, wasemaje," naye alikuwa na swali, alilitafuta jinsi ya kuliuliza bila kuonekana hana adabu, kisima cha huko kwao kina maji baridi au ya chumvi, ndilo swali, dogo tu, lakini nyuma yake yalikuwa yamepanga foleni mengine, nitaishi na nani, nitafanya kazi, nitarudi lini kumwona mama, akalitengeneza, akaligeuza, akakaribia kufungua mdomo, na mama yake akashika kifua, "Kanyamaza! Alhamdulillahi, kanyamaza," vigelegele vikapigwa mpaka kuku wakaruka ukutani, na swali likabaki kinywani kama kokwa usilojua pa kulitemea.

"Wifi, chai inapoa," na Twaiba akasema naja, akahamia ndoo ya nne, hii yenye maua, akaufungua utepe wa leso kuukuu alioufungia shina maana umeanza kubana, akaufunga upya kwa ulegevu kwenye uti wa kuti alioisimikia nyanya... na kisima cha Gazi, mtu akitaka ukweli wote, kilikuwa cha maji baridi. Hilo hakuwahi kumwambia mtu. Alifika bi harusi, hina haijakauka vizuri, na asubuhi ya kwanza alikwenda kisimani akateka, akaonja, akasema moyoni ni ya chumvi, kesho yake akaonja, ya chumvi, alitaka yawe ya chumvi, alipanda nyanya kwenye debe na zikaungua pembe za majani, zikajikunja, zikafa, akasema si nilijua, maji haya, nyumba hii, na mavyaa, mama yake Chome, akamwonea huruma, "mwanangu, hapa nyanya zetu huota mpaka jalalani, zako zina nini," na ilikuwa nini, ilikuwa makumbi, yeye mwenyewe aliyabeba kwenye gunia kutoka kwa mama yake, chenga za makumbi yale ambayo mama na wenziwe walikuwa wakiyafukia pwani kwenye tope la maji kupwa na kujaa, yakakaa humo miezi, yakaoza, yakafukuliwa yakapondwa ili yatoke usumba, nyuzi za kusokotea kamba, mazuri, laini, mepesi, yanashika unyevu, ni nani angejua kwamba yameshiba bahari mpaka ndani, chumvi aliitoa kwao akaipeleka kwa mumewe na kukisingizia kisima, na alipokuja kugundua, watoto wameshakuwa watu wazima, alicheka peke yake jikoni mpaka Chome akaja kuchungulia, "Kuna nini?" naye akasema hakuna... Chome hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpishi wa hoteli Diani, mikono yake ikinuka kitunguu, hakumpiga, hakumficha kitu, akifika nyumbani alisema tutajenga huku, mtoto atasoma kule, na akimtazama mkewe na mkewe yuko kimya alisema haya basi, akaenda kujenga, akaenda kuandikisha mtoto, na mara nyingi alikuwa amepatia, hilo ndilo gumu kumweleza mtu, kwamba mtu apatie kila mara na wewe ubaki na kitu hakikushuka, kwa sababu kama siku ile wangengoja, kama mama angengoja, tuseme, muda wa kumeza mate, angeuliza, wangemwambia maji ni baridi, na yeye angesema ndiyo. Angesema ndiyo! Mkono wake ulisimama juu ya ua. Miaka yote alidhani amenyang'anywa hapana, kumbe hakuwa na hapana ya kunyang'anywa, alinyang'anywa ndiyo, ndiyo yake mwenyewe, ikasemwa na mama ikapigiwa vigelegele naye hajaifikia.

"Twaiba," alisema Swabir, na sauti ilikuwa imeshuka, si ya kanzu tena, ya kaka, "unanisikia? Maana mimi sitakusemea. Nilimwuliza maalimu kabla ya kuja, nikamwambia ndugu yangu si msemaji, akinyamaza nichukue kwamba karidhia? Akaniambia hapana, mwari ndiye kimya chake hutosha, mjane hasemewi, mjane sharti atamke kwa ulimi wake, usipotamka basi hakuna ndoa, hata tukae hapa mpaka Ramadhani," na Fauzia akadakia, "Mpaka Ramadhani, na mimi mahamri nimeshamaliza?" na Swabir akamwambia mkewe, hebu muache dada afikiri... na Twaiba aliyasikia haya kama mtu anayesikia mvua imeanza kwenye bati, mwanzo tone moja, kisha upande wote. Alikuwa ameamka na wasiwasi na alikuwa ameinama hapa na wasiwasi, kwamba akichelewa watamjibia, ndiyo sababu amekuwa akiharakisha maneno kichwani huku vidole vikienda polepole, kumbe hawawezi, kimya hiki si cha mjomba, si cha mama, hakiliwi na mtu, ni kimya tu, kama cha mtu anayetafuta sindano, anaweza kukikalia, anaweza kukigeuza, anaweza kumaliza ndoo ya nne na ya tano na beseni, na huko nyuma ndugu yake mkubwa, na kanzu yake ya Ijumaa, atakaa. Mabega aliyokuwa ameyakaza tangu mlango ulipobishwa yakateremka yenyewe, na akakitikisa kishada cha maua kwa ncha za vidole, taratibu, unga wa njano ukadondoka kidogo.

Mwinga aliliuliza hili. Baada ya Idi alikuja na Swabir, akakaa kwenye mkeka, mtu mrefu wa magoti mengi, mpima miwa wa zamani wa kiwanda cha sukari, akamwona anatikisa maua akasema "Mbona unayatikisa?" na Twaiba hakujibu mara moja kwa sababu alitaka kujibu sawasawa, na Swabir kama kawaida yake akawahi, "Ah, mambo ya kina mama hayo," lakini Mwinga akainua kiganja, akasema "Nimemwuliza yeye," kisha akangoja, hakukohoa, hakutazama simu, alingoja kashika goti lake, mpaka Twaiba akasema ukuta huu unazuia upepo, ua lisipotikiswa huanguka halijashika tunda, naye akasema "Kumbe." Basi. Hilo tu, kumbe, na wakaongea mambo ya barabara... na kwa hiyo anamtaka? Ndiyo, akajibu mara, akashangaa ilivyotoka nyepesi, anamtaka, anataka kumwona asubuhi akikunja yale magoti mahali, lakini Ramisi haendi. Udongo mweusi na ukae mweusi. Nyumba ni hii, makaburi anayoyajua yako hapa, watu wanaokuja kuuliza wanajua mlango huu, na ndoo zimeshika maua, na hata zisingeshika. Watu watasema, mwanamume kaolewa yeye, Fauzia atakuwa wa kwanza kusema na atasema vizuri kupita wote, "shemeji amekuja na sanduku lake kichwani," na Twaiba atacheka naye, Swabir atashika kichwa, atasema haijapata kutokea kwetu, naye atamjibu kwa utulivu imetokea, babu wa upande wa mama alihamia kwa mkewe na akaishi kwa heshima, nikutajie na miaka?

Akalipanga jibu lake, akaliangalia pande zote kama ndoo kabla ya kuitia udongo, "nimekubali kuolewa na Mwinga, na tutakaa hapa," halikuvuja popote. Chai ilikuwa imeshapoa kabisa barazani, Swabir alikuwa amenyoosha miguu, kuku wa jirani alikuwa juu ya ukuta na jua halijafika kwenye kizingiti, na Twaiba akaivuta ndoo ya tano karibu, akainua majani kutazama makwapani, bado hajatamka, atatamka, na Swabir atalibeba neno hilo mpaka Ramisi na kumwekea Mwinga mbele yake, na huko itakuwa zamu ya Mwinga kuulizwa, na Mwinga naye huenda akahitaji muda, huenda akatazama shamba lake, huenda asipate la kusema kwa siku kadhaa, basi asisemewe na mtu... akinyamaza, atangojewa.