Magogo Mabichi

Wenzake walimcheka Rwamba walipomwona akikusanya magogo mabichi. "Utapikia moshi, Mama Mbae?" Yeye akaongeza gogo jingine. Ana lake.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau, na wanawake wa kijiji kile kilichozungushiwa handaki, karibu na Manyatta, walienda kuni kwa kundi, mchana, wakilindwa na homugadi, mlinzi wa serikali ya kikoloni, mwenye bunduki. Haya, na huyo anayewalinda, nani atawalinda dhidi yake? Juzi mwenzao Wawira alibaki nyuma na Kithaka homugadi. Alirudi bila kitambaa kichwani, na tangu siku hiyo hajasema neno na mtu.

Leo Kithaka akamsogelea Rwamba. "Funga mzigo polepole, Mama Mbae. Wenzako watangulie, mimi nitakungoja."

Tangu lini Kithaka akawa na huruma?

Alijitwika kuni mgongoni, ukanda wa ngozi ukamkaa kwenye paji la uso. Wenzake wakiwa wameshatangulia, wao wawili walipofika njia panda, Kithaka akaonyesha kilimani. "Tupite huku. Ni karibu."

"Huku hakuendi langoni."

"Unanifundisha njia? Tangulia!"

Akatangulia. Hatua za nyuma zikakaribia. Akasikia harufu ya tumbaku, kisha mkono kiunoni. Mshenzi mkubwa!

Sasa, mwanamume wa kwetu hajawahi kubeba kuni kwa ukanda; atajuaje mambo yake? Rwamba aliinua kichwa tu, ukanda ukachomoka, mzigo mzima wa magogo mabichi, mzito kama mawe, ukamporomokea Kithaka magotini. Puu! Bunduki kule, mwenyewe huku, akilia kama mbuzi. Rwamba akatimua mbio mpaka langoni.

Kithaka alifika baadaye, akichechemea. "Huyu mwanamke kaniangushia kuni!" akamlalamikia mkuu wa walinzi.

"Ukanda uliteleza, mzee," Rwamba akasema. "Tulikuwa tunapanda kilima, na yeye alikuwa amenisogelea sana."

Mkuu akamgeukia Kithaka. "Kilima kipi? Njia ya kuni ni tambarare."

Wanawake wote walikuwa wakimtazama Kithaka, na hakuna aliyeinamisha macho.

"Lete hiyo bunduki," mkuu akasema.

Hapo Wawira akajipenyeza katikati ya wenzake, akamshika Rwamba mkono. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kukaa bure.

"Kesho," akasema, "nichagulie na mimi magogo mabichi."