Kanali wa Harrow Glen

Baada ya talaka, mume wangu alibaki na nyumba, mbwa na marafiki. Mimi nilibaki na blenda. Nikaenda kupanga fleti Harrow Glen, kitongoji kidogo nje ya Boston ambako nyasi hukatwa fupi kama nywele za kuruta na kila mtu anajua jirani yake kaagiza nini mtandaoni. Tangazo lilisema fleti ina mwanga tele na mandhari ya bustani. Mwanga ulikuwepo kweli: taa ya maegesho ilinimulika kitandani mpaka asubuhi. Bustani nayo ilikuwepo. Ilikuwa ya jirani.

Jengo letu ndilo pekee lililokuwa la kupangisha pale mjini. Wenye nyumba zao waliliita "lile jengo", kwa sauti ya mtu anayetaja upele wa mahali pasipoonyeshwa.

Sijamaliza hata kufungua maboksi, Lenore Whitcomb akabisha hodi. Ndiye mwenyekiti wa kamati ya wakazi, mama wa miaka sitini na kitu, nywele zimekaa sawasawa kama kofia. Alikuwa ameshika mkate wa ndizi.

"Karibu sana, Daphne."

"Delphine."

"Jina zuri hilo. Utakaa mpaka lini?"

"Ndiyo kwanza nimefika, mama."

"Najua, mpenzi. Nauliza tu, maana nyinyi wa lile jengo ni watu wa kupita. Sisi hapa ni familia." Akachungulia nyuma yangu. "Hayo mapazia ni ya muda tu, sivyo?"

Mkate ulikuwa mkavu kama hotuba. Niliula wote siku hiyohiyo, kwa kuwa sikuwa na kingine.

Majira ya kuchipua yakaja, na pamoja nayo bata mzinga. Dume la porini, kubwa, shingo nyekundu, kifua mbele. Alitokea msituni akaingia kwenye maegesho yetu, akajiona kwenye mlango wa gari unaong'aa, akaamini amekutana na dume mwenzake. Akaanza kumdonoa. Alipomaliza gari la kwanza akaenda la pili. Magari yalipokosa kumjibu, akatugeukia sisi.

Asubuhi moja nilitoka nikamkuta Anselm Duquette, jirani yangu wa ghorofa ya juu, amesimama juu ya boneti ya gari lake. Anselm ni mzee mgane aliyeendesha basi la jiji maisha yake yote, na husema hajawahi kumwogopa abiria.

"Mzee Anselm, unafanya nini huko?"

"Napunga upepo! Huoni? Lete kitu!"

"Kitu gani?"

"Chochote! Bunduki! Padri!"

Nilikuwa na mwavuli tu, tena ule mbovu unaofunguka unapotaka wenyewe. Nikausukuma mbele, ukafunguka kwa kishindo usoni pa ndege. Akaruka nyuma, akanitazama kama mtu aliyetukanwa mbele za wakwe, akaondoka kwa hatua za heshima. Tangu siku hiyo, sisi wa lile jengo tukawa tunatoka na miavuli hata jua likiwaka.

Nilimpigia simu meneja wa jengo, Bwana Tolland.

"Mkataba unakataza wanyama wa kufuga," akasema. "Huyo ni wa nani?"

"Si wa mtu. Ni wa porini."

"Oh! Basi hakuna tatizo."

Ikabidi twende kwenye kikao cha kamati, pale kwenye chumba cha maktaba, mimi na Anselm, tukae viti vya nyuma. Lenore alitusikiliza kichwa ameinamisha upande, kama daktari anayejua mgonjwa anadanganya.

"Yule ndege ni urithi wetu," akasema. "Walikuwepo kabla yetu. Nimempa na jina: anaitwa Kanali." Watu wakapiga makofi. Hawa ndio watu ambao kila Novemba, sikukuu ya Shukrani, humtia ndugu wa Kanali kwenye oveni akiwa amejazwa mkate tumboni.

"Kanali wenu kanitoboa suruali," Anselm akasema.

"Labda mnamlisha."

"Sijamlisha, mama. Kajihudumia mwenyewe."

"Hata hivyo," Lenore akasema, akitabasamu, "wapangaji hawana kura. Ila hisia zenu zinakaribishwa."

Tukarudi na hisia zetu. Nilikuwa na hasira mpaka nikaacha kula, jambo ambalo hata talaka haikuliweza. Anselm ndiye aliyesema tuyafunike magari kwa mashuka ya zamani, ndege akose wa kugombana naye. Jumapili maegesho yakawa kama chumba cha maiti, magari yote yamelala chini ya mashuka ya maua yaliyopauka. Bwana Tolland alikuja mbio kutuambia mashuka yanaharibu sura ya jengo. Hilo aliliona.

Kanali alizunguka siku mbili tatu akimtafuta adui. Alipomkosa, akavuka barabara.

Jumamosi iliyofuata mimi na Anselm tulikuwa tunakwenda kununua mkate, miavuli mkononi, tukasikia honi haikatiki. Mbele ya nyumba ya Lenore lilisimama gari lake jeusi, limesuguliwa mpaka mtu angeweza kulitumia kama kioo cha kunyolea ndevu. Kanali alikuwa analishughulikia, mlango kwa mlango. Lenore alikuwa ndani. Akateremsha kioo kidogo tu, pua ikatokea.

"Daphne! Fanya kitu!"

"Delphine."

"Delphine, mpenzi wangu, nakuomba!"

Anselm akaegemea mwavuli wake. "Lakini mama, huyu si ndiye urithi?"

"Anselm, huu si wakati wake!"

"Sawa, sawa. Hisia zako zinakaribishwa."

Kanali akapiga kioo. Lenore akapiga yowe, na hapo sikuweza tena kucheka. Nikaona mapazia yanacheza mtaa mzima. Dirisha la jirani wa kulia lilikuwa na mtu anayerekodi kwa simu. Hakuna mlango uliofunguka.

Tukafungua miavuli kwa pamoja, tukapiga kelele kama wendawazimu, ndege akarudi nyuma mpaka kwenye ua wa jirani. Tukamtoa Lenore, tukampeleka mlangoni katikati ya miavuli miwili kama malkia, ingawa malkia hawashiki mkono wa mtu kwa nguvu vile. Mkono wake ulikuwa baridi.

"Nimewapigia simu majirani watatu," akasema tulipoingia. "Watatu, Delphine. Walikuwa wananiangalia."

Nilikuwa nimetamani miezi mingi kumwona ameshushwa, na sasa nimemwona, nikatamani nisingemwona. Akatuketisha kwenye makochi meupe ambayo bila shaka hakuna mtu aliyewahi kuyakalia, akatupa chai, akasahau kutuambia tuvue viatu.

Jumatatu kamati ikaitisha kikao cha dharura, ikagundua kwamba bata mzinga ni hatari kwa umma. Watu wa wanyamapori wakaja, wakasema ni msimu wa kutafuta majike, utapita. Ukapita. Kanali akamfuata jike mmoja msituni bila kuaga mtu.

Katika kikao hichohicho Lenore alisimama akaomba wapangaji wapewe kura. Familia ikamkatalia kwa kauli moja, kwa upole mwingi. Kwa kuwa ni watu wenye moyo, walitupatia kiti kimoja cha mbele. Lenore akatazama nyuso zao zote, moja baada ya nyingine, akachukua mkoba wake, akaja kukaa nasi nyuma.

Siku hizi kila Ijumaa anapanda ngazi za lile jengo akilalamika, ngazi zina harufu, ngazi ni nyingi, nani kachagua rangi hii. Anakuja kwa Anselm kucheza karata. Bwana Tolland aliponiuliza kama naongeza mwaka nilisema ndiyo kabla hajamaliza swali, nikajishangaa mwenyewe.

"Umeiba karata, mzee," Lenore husema.

"Mimi? Mimi ni mtu wa kupita tu, mama."

Wote wawili wanaiba, kwa hiyo mimi ndiye ninayegawa.