Jeneza Kutoka Wizarani

Jeneza lilifika Kombewa kabla ya chai ya saa nne, juu ya pikapu ya serikali, limefunikwa bendera kana kwamba marehemu alikuwa mtu wao. Nyuma yake lilifuata gari jeusi lenye vioo vya giza.

Beldina alikuwa uani akisugua viti vya plastiki. Kazi yake ilikuwa kukodisha mahema na viti vya matanga, kwa hiyo jeneza halikumtisha. Kilichomkera ni kuona limeingizwa bomani mwake bila hodi.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Shemeji yake Obonyo, kaka mkubwa wa marehemu mumewe na msemaji wa ukoo, alikuwa langoni amevaa koti la harusi. Alitazama viatu vyake, na papo hapo Beldina akajua mzee amekula cha watu.

Kutoka kwenye pikapu akateremka Bwana Mburu, ofisa wa mambo ya nje kutoka Nairobi, mwenye sauti ya mtu anayembembeleza mtoto ameze dawa. Beldina alimjua. Kila alipoulizia habari za mwanawe, Mburu ndiye aliyemwambia avumilie.

Mwanawe Walter alikuwa fundi wa magari Nyamasaria. Alikwenda katika nchi moja kubwa kwa ahadi ya kazi ya gereji. Baada ya muda mfupi akamtumia mama yake sauti kwenye simu: "Mama, hawa watu wamenipa bunduki, si spana." Kisha kimya. Mwenzake aliyetoroka alisema alimwona Walter akivuka shamba la alizeti, ila hakumwona akirudi. Nchi ile kubwa, iliyokuwa vitani na jirani yake, ilisema haina Mkenya hata mmoja jeshini. Serikali ikajibu asante. Sisi hatufungamani na upande wowote, ilisema, na Beldina akaona ni kweli: hawakufungamana hata na upande wake.

Tangu hapo alikuwa akisimama kwenye lango la bandari ya Kisumu na picha ya Walter kifuani. Na hapo bandarini ndipo mbolea ya msaada kutoka nchi ile kubwa ilipotarajiwa kukabidhiwa, mbele ya kamera.

Wale wa upande wa pili wa vita nao walikuwa wameshamjia. Wasichana wawili wenye kamera walimwomba alie tena akielekea ziwani, kwa kuwa mwanga ulikuwa mzuri. Aliwauliza kama wao wamemtafuta Walter. Wakasema hilo si jukumu lao. Akawaonyesha njia ya kurudi walikotoka.

"Mama Walter," Mburu alianza, "tumefanya utafiti. Mila yenu inaruhusu. Mtu akizama ziwani asipatikane, mnazika yago."

Akafunua jeneza. Juu ya kitambaa cheupe kinachong'aa lilikuwa limelazwa yago, lile tunda refu na zito kama paja la mtu, ambalo Wajaluo huzika mahali pa maiti isiyopatikana ili roho ipate kurudi nyumbani. Walikuwa wamelifunga utepe wenye rangi za nchi ile kubwa.

Wanawake wa jirani waliokuwa wameshafika kwenye ua walishika vinywa.

"Naibu balozi wao yuko garini," Mburu aliendelea. "Atasoma maneno machache, tutazika, na kesho mbolea inashushwa. Mzee Obonyo ameshakubali kwa niaba ya ukoo. Ukoo nao utapata mgao wake."

"Maneno gani?"

"Kwamba Walter alifariki katika ajali ya barabarani."

"Barabara gani?"

Mburu akakohoa. "Mama, wapiganapo tembo, nyasi huumia."

"Nyasi huumia zikiwa zimesimama, Bwana Mburu. Nyinyi mlilala kabla tembo hawajaamka."

Kicheko kilipasuka kwenye ua. Obonyo akasogea, jasho likimtoka ndani ya lile koti.

"Min Walter, usituaibishe mbele ya wageni. Tukizika, kijana atapumzika."

"Nani amemtafuta?"

"Unasema?"

"Mtoto wa Ooko alipozama, wanaume wa hapa waliingia ziwani na nyavu mpaka viganja vikachubuka. Wewe ulikuwamo. Mliposhindwa kabisa, ndipo mkaenda kuchuma yago. Yago huja baada ya jasho, Mzee. Walter ametafutwa na nani?"

Obonyo akarudia kuangalia viatu. Beldina akamgeukia ofisa.

"Huyo mgeni wako umewahi kumwuliza alipo mwanangu?"

"Tunawasiliana kupitia njia zinazofaa."

"Njia ni hiyo hapo, ina magurudumu manne. Mwulize."

"Mambo haya hayaendi hivyo, Mama."

"Mwulize kwa Kiingereza chako kizuri. Mimi nitasikiliza."

Kioo cha gari jeusi kikashuka kidogo. Naibu balozi, uso umemwiva kwa joto, akauliza kama mambo yako tayari. Mburu akasimama mbele yake kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda chooni, akasema kwa Kiingereza kwamba mama ana uchungu kidogo, wataanza punde.

Beldina alisikia kila neno. Akafunga jeneza.

"Lirudisheni."

"Yawa!" Obonyo akaruka. "Jeneza haliingii boma likatoka hivi hivi! Litatafuta mtu!"

"Basi na limtafute aliyelileta."

Dereva wa pikapu, mtu wa huku huku Seme, aliposikia hayo alikataa kugusa usukani. Alisema hataendesha mpaka mwenye jeneza apande nalo nyuma. Mburu akamtisha kwa kazi yake. Dereva akamwambia kazi atapata nyingine. Naibu balozi akatazama saa, na kutazama huko kukatosha: ofisa wa serikali akapandisha miguu ya suti yake, akapanda, akaketi kando ya yago.

Beldina akasogea hadi ubavuni mwa pikapu. Kioo cha mgeni kilikuwa bado wazi.

"Bado una nafasi, Bwana Mburu. Mwulize maneno matatu tu. Walter yuko wapi?"

Mburu akafungua mdomo. Akamtazama mgeni, akamtazama Beldina, akatazama jua.

"Hamna turubai hapo nijikinge?" akauliza.

"Ninalo. Ninalikodisha kwa watu wenye maiti."

Wakaondoka na jeneza lao, wanawake wakilizomea mpaka barabara kuu.

Asubuhi Beldina alikuwa langoni mwa bandari kama kawaida, picha kifuani. Mabango ya urafiki yalikuwa yameshatundikwa. Askari walimwamuru asogee, naye hakusogea. Kisha akaona watu wanamkwepa mzee mmoja anayekuja na mzigo begani. Alikuwa Obonyo, bila lile koti la harusi, amebeba wavu.

"Wa nini huo?" Beldina akamwuliza. "Huku wanashusha mbolea, si samaki."

"Nimekuja kutafuta," mzee akasema.

Beldina hakumshukuru. Angemshukuru kwa lipi? Alijisogeza kidogo, nafasi ya mtu mmoja, akamwekea mkononi upande mmoja wa picha.

"Shika vizuri," akasema. "Unamfunika uso."